Tani moja juu ya boriti za Bibi

Fundi alikuja kwa Bibi, Mji Mkongwe, kufunga kiyoyozi. Akajisifu: "Bibi, hiki tani moja. Chumba chote kitapoa." Bibi akatazama roshani ya nyuma kitakapokaa kile kisanduku cha nje, akatazama na boriti zake zilizokwishaonjwa na mchwa. "Tani moja? Mjukuu wangu, kirudishe dukani."

Fundi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lenyewe ndilo lenye matatizo.

Dhana: kiyoyozi cha tani moja kina uzito wa tani moja.

Ukweli: hapo tani ni nguvu ya kupoza. Kabla ya mashine, baridi ilinunuliwa kwa barafu, na Wamarekani walipoanza kuuza mashine wakazilinganisha na barafu ileile. Mashine ya tani moja huondoa joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24. Ndizo zile BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa zinazoandikwa kwenye boksi. Na tani yenyewe ni ya Kimarekani, ratili 2,000, kama kilo 907 tu.

Dhana: tani ni kilo 1,000, hakuna nyingine.

Ukweli: kwenye mizani zetu za leo, sawa. Tani ya Mwingereza lakini ni ratili 2,240, karibu kilo 1,016. Mtu wa karafuu ataipenda hesabu hii: frasila ya ratili 35 huingia humo mara 64 kamili, hakibaki kitu. Katika tani ya kilo 1,000 zinaingia karibu 63. Ukisoma daftari la zamani la karafuu za Pemba ukidhani tani zote ni moja, kila tani inakupotezea frasila nzima.

Kanta ya tani tatu? Huo ni mzigo inaoruhusiwa kubeba, si uzito wa gari.

Dhana: meli iliyoandikwa tani 400 hubeba mzigo wa tani 400.

Ukweli: hii ndiyo dhana ya hatari. Neno tani, kwa Kiingereza "ton", lilitokana na pipa kubwa la mvinyo. Meli ilitozwa ushuru kwa mapipa inayoweza kupakia. Baadaye tani ya usajili ikawa nafasi ya futi za ujazo 100, karibu mita za ujazo 2.8. Mkataba wa kimataifa wa 1969, ulioanza kutumika 1982, ukaleta hesabu nyingine, nayo pia hutokana na ujazo wa ndani ya chombo. Kwa hiyo namba hiyo haimwambii mtu pale bandarini Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, apakie magunia mangapi.

Kiyoyozi tulikifunga, baada ya kile kisanduku cha nje kupita kwenye mizani ya jirani muuza mchele. Kilo 28.

"Frasila mbili kasorobo, Bibi."

"Haya. Mngesema hivyo tangu asubuhi."