Dawa ya Kichina kwa mtoto anayekojoa kitandani: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Hapa Tanga, hasa huku Ngamiani, ukianika godoro uani asubuhi basi ujue mpaka adhuhuri ushaletewa dawa na nusu ya mtaa, shangazi kaja na mizizi, jirani kakushauri kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya, na siku hizi kuna kile kichupa cha dawa ya Kichina, vidonge vyeusi vidogo kama pilipili manga, lebo yote maandishi ya kwao. Mimi sina ugomvi na Mchina wala na mizizi, ila yanayosemwa juu ya hiki kichupa mengine jamani hapana.

"Anafanya makusudi huyo, mvivu kuamka." Si kweli. Usiku mwili unatakiwa utoe homoni ya kupunguza mkojo, kuna watoto kwao hiyo homoni inachelewa, afu wana usingizi mzito, kibofu kinajaa na ubongo hausikii. Na inarithiwa, kwa hiyo baba kabla hujashika fimbo kamuulize mama yako wewe uliacha lini. Chini ya miaka 5 hata haihesabiwi kuwa tatizo.

"Mpe hii, za hospitali tupa." Hapa ndo watu wanapotea. Dawa inayotajwa sana inaitwa Suo Quan Wan, ina mimea mitatu, mmoja jamii ya iliki, mwingine kiazi kikuu cha Kichina, wa tatu mzizi wa mti wanaouita wu yao, na waganga wao wanasema figo za mtoto zina baridi ndo maana kibofu hakishiki. Sawa, ndo elimu yao. Lakini hata tafiti za China kwenyewe mara nyingi zinaijaribu kama nyongeza juu ya desmopresini, ambayo ni dawa ya hospitali inayofanya kazi ya ile homoni, sio badala yake. Mwaka 2011 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima, walizipitia tiba mbadala za tatizo hili, mitishamba ikiwemo, wakakuta ushahidi dhaifu, tafiti zenyewe ndogo na hazijafanywa vizuri. Maana yake sio kwamba haisaidii kabisa, maana yake hakuna aliyethibitisha, na anayekuuzia kwa uhakika wa mia kwa mia anakuuzia maneno.

"Mbona mtoto wa fulani kapona?" Inawezekana kabisa kaacha. Ila chukua watoto 100 wanaokojoa kitandani, usiwape kitu chochote, ndani ya mwaka kama 15 hivi wanaacha wenyewe. Sasa kama mmoja wao alikuwa anameza vile vidonge mwezi huohuo, sifa zote zinakwenda kwa kichupa.

"Ni majani tu, hayana madhara." Kwanza sio majani tu, kuna mchanganyiko mwingine wa Kichina wa tatizo hilihili wanatia vifuko vya mayai ya vunjajungu, yule mdudu (halali au sio halali muulize shehe wako, mimi simo). Pili Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo kwa dawa ya kupunguza unene iliyochanganywa mmea wa Kichina usio wenyewe, wenye asidi ya aristolokia, wengine wakaishia kubadilishwa figo. Halafu kuna hili ambalo silisikii likisemwa: mtoto akimeza desmopresini usiku hatakiwi kunywa maji mengi mpaka asubuhi, sababu chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege, sasa wewe unampa kidonge cha hospitali afu juu yake bakuli zima la dawa ya kuchemsha, hapo unamuumiza mwenyewe bila kujua.

"Mnyime maji tangu mchana." Hapana, mchana anywe vizuri, punguza jioni, na chai ya rangi na soda za kola za usiku ndo uzikate. Kengele inayolia nguo ikilowa inasaidia wengi na matokeo yake yanadumu, inataka miezi 2 au 3 ya uvumilivu na mzazi wa kumwamsha, ila huku kuipata ni kazi.

"Hilo sio la kupeleka hospitali." Mtoto alikuwa mkavu miezi 6 au zaidi, ghafla kaanza tena, anakunywa maji ovyo na anakonda, hiyo inaweza kuwa kisukari, mpeleke leoleo usisubiri kichupa. Mkojo una damu, fikiria kichocho, pwani yetu hii kipo. Choo kigumu nacho kinabana kibofu. Na wenye sikoseli wanakojoa sana kitandani kwa sababu figo zao hazibakizi maji mwilini, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, huyo hata umpe Suo Quan Wan kwa debe, maji anayahitaji na usimnyime. Kupima mkojo ni kikopo kimoja tu, na ukienda beba na hicho kichupa chako umuoneshe daktari, usikifiche kwenye mkoba.