Inveta haitunzi umeme

Wiki hii nimeisikia mara tatu ndani ya siku mbili, hapa hapa Busia: "Fundi, inveta yangu imeisha chaji." Wa kwanza ni kijana anayechapisha na kutoa nakala za karatasi, wa pili ni dada wa duka la dawa, wa tatu ni Nalongo mwenye saluni nyuma ya soko. Wote walikuwa na shida ya kweli. Ila wote walikuwa wanalaumu kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Inveta ni kifaa kinachopokea umeme wa betri na kuugeuza ufanane na ule wa nguzo. Betri hutoa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, kwa kawaida volti 12, 24 au 48. Soketi zetu za Uganda hutoa mkondo geu wa volti 240, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. TV, friji na pasi zimeundwa kwa huo wa pili, kwa hiyo lazima pawe na mgeuzaji katikati. Basi, kazi yake ni hiyo. Nyingi siku hizi zina chaja ndani, inayojaza betri umeme ukirudi, lakini kujaza si kutunza. Umeme ukiwa umekatika, chomoa nyaya za betri uone: inveta, hata iwe ya bei gani, haitawasha balbu moja.

Jina lenyewe linasema hivyo, na hapa ndipo ninapoumia likitumiwa ovyo. Asili yake ni Kilatini, invertere, kupindua. Wahandisi wa zamani walianza na shida iliyo kinyume na yetu. Mitambo ilikuwa inatoa mkondo geu, nao walitaka mkondo mnyoofu wa kuendeshea treni za mijini. Wakaunda mashine kubwa za kuzunguka, unaingiza mkondo geu upande huu, unatoka mnyoofu upande ule. Mashine hiyo hiyo ikiendeshwa kinyumenyume hufanya kazi ya kurudi: unaingiza mnyoofu, unapata geu. Ikawa ni mashine iliyopinduliwa. Mwaka 1925 mhandisi Mmarekani David Prince wa kampuni ya General Electric alikuwa tayari analiandika neno hilo kama jina la kifaa, na limebaki hivyo. Ukisema inveta umesema "kipinduzi". Hakuna akiba yoyote ndani ya neno hilo.

Betri ndiyo yenye akiba katika jina lake. Neno lilitoka jeshini, likiwa na maana ya kundi la mizinga iliyopangwa kufyatua pamoja. Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin aliunganisha vyombo kadhaa vya kioo vya kuhifadhia umeme ili nguvu yao itoke kwa pamoja, akaliazima neno la mizinga. Hadi leo, ukifungua betri ya gari utakuta seli sita zimeunganishwa, kila moja kama volti 2, zikifanya 12.

Sisi wa Uganda hatuna sababu ya kushindwa na tofauti hii, maana tumewahi kubeba iliyo ngumu zaidi. Tangu 2005 hadi Machi 2025 neno umeme lilikuwa pia jina la kampuni iliyosambaza umeme, kabla ya UEDCL, kampuni ya serikali, kuishika kazi hiyo. Kwa miaka 20 tulisema "Umeme wamekuja", tukimaanisha mafundi wa kampuni, na "umeme umekuja", tukimaanisha taa zimewaka. Kilichotenganisha ni kiambishi kimoja, wa na u, na hata watoto hawakuchanganya. Inveta na betri ni maneno mawili mazima.

Na kuyachanganya kunagharimu pesa. Nalongo alikuwa na inveta ya wati 1,500 na betri moja ya asidi, volti 12, ampea-saa 100 (ampea-saa ni kipimo cha akiba ya betri). Umeme ukikatika akiwa na mteja chini ya draya, nywele hazikauki, betri imekwisha. Akashauriwa anunue inveta kubwa. Akanunua ya wati 3,000, akaifunga kwenye betri ile ile, na saa nane mchana umeme ulipokatika yakatokea yale yale. Nilipofika, waya kati ya betri na inveta ulikuwa wa moto hata kidole hakikai, na juu ya terminali chanya kulikuwa na unga mweupe wenye ubuluu, kama chumvi iliyoganda. Inveta ilikuwa nzima kabisa.

Wati zilizoandikwa kwenye inveta zinaeleza ni mzigo gani inaweza kubeba kwa wakati mmoja. Hazisemi kitu kuhusu saa. Ukitoboa tundu pana zaidi kwenye jerikeni, maji ya ndani hayaongezeki. Tena inveta kubwa kwa kawaida hula zaidi yenyewe, hata kama hujachomeka chochote, kwa hiyo kwenye betri ile ile unaweza kupoteza muda badala ya kuupata.

Muda unatoka kwenye betri, na kipimo chake kila mwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, anakijua. Ile uniti unayonunua kwa simu ni kilowati-saa moja. Zidisha volti 12 kwa ampea-saa 100, unapata wati-saa 1,200, yaani uniti moja na kidogo. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, ukiizoesha hivyo inakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu: 600. Inveta nayo hupoteza kiasi katika kugeuza. Mkononi unabaki na kama 500, nusu uniti. Kwa balbu nne za wati 10 na TV ya wati 60, hizo ni saa tano hivi, jioni nzima ya familia. Kwa draya ya wati 1,000 ni nusu saa kwenye karatasi, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa sababu betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Ya lithiamu ya ukubwa huo inakuruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya akiba yake bila kuumia, ndiyo maana bei yake iko juu.

Nakubali kuna masanduku mapya yanayouzwa betri na inveta zikiwa pamoja, na UPS, vile visanduku vinavyoshikilia kompyuta umeme ukikatika, zimekuwa hivyo siku zote. Mtu akikuonyesha sanduku moja ni rahisi kuliita kwa jina moja. Lakini hata humo ndani ni vitu viwili, na kinachochakaa mapema kwa kawaida ni betri.

Kwa hiyo Nalongo, na kijana wa nakala, na dada wa duka la dawa: mkija tena, semeni betri ndiyo imeisha chaji. Na kabla ya kulipa dukani, msiishie kumuuliza muuzaji inveta ni ya wati ngapi. Mwulizeni pia betri inabeba uniti ngapi, na kati ya hizo ngapi zinatumika. Ya saluni inatoa nusu uniti, na draya inakula uniti nzima kwa saa.