Jenereta ya mawimbi ya bei nafuu: namba zake zina maana gani, na utaipimaje

Jenereta ya mawimbi ni kifaa cha mezani kinachotoa umeme unaopanda na kushuka kwa mtindo unaouchagua wewe: umbo la wimbi, mizunguko yake kwa sekunde (yaani masafa, yanayopimwa kwa hezi), na ukubwa wake kutoka kilele hadi bonde. Oskiloskopu, chombo kinachochora wimbi kwenye kioo, hukuonyesha yanayotokea ndani ya saketi, lakini jenereta ndiyo inayoipa saketi hiyo kazi ya kufanya. Ukipeleka wimbi la sini (lile laini lisilo na pembe) la kilohezi 1, yaani mizunguko elfu moja kwa sekunde, kwenye mlango wa amplifaya iliyonyamaza, unaweza kulifuata kwa probu, sindano ya kupimia ya oskiloskopu, kutoka transista moja hadi nyingine mpaka ufike pale linapopotea. Ukitaka kujua kichujio ulichokijenga kinakata wapi, unapandisha masafa polepole huku ukiangalia kimo cha wimbi upande wa pili. Bila jenereta utabaki kusubiri redio au simu ikuletee ishara ambayo huijui vipimo vyake, na hapo hakuna kulinganisha.

Kwa muda mrefu kifaa hiki kilikuwa cha maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1930 William Hewlett na David Packard walitengeneza kitoa mawimbi ya sauti, 200A, katika gereji huko Palo Alto, California. Ugumu wa kazi ile ulikuwa kulifanya wimbi lisikue mpaka likapasuka wala lisififie mpaka likafa. Hewlett alitumia balbu ndogo ya taa ndani ya saketi. Wimbi likikua, uzi wa balbu hupata joto, ukinzani wake huongezeka, na saketi hujipunguza yenyewe. Ni ubunifu wa hali ya juu, na ulishusha gharama kiasi kwamba kampuni ya Disney ilinunua vifaa vinane vya toleo lililofuata, 200B, kwa kazi ya sauti za filamu.

Jenereta nyingi za bei nafuu za leo hazina balbu wala saketi ya kutetemesha ya namna ile. Zinatumia hesabu. Ndani yake kuna kristali inayotoa mapigo sawasawa, na kila pigo huongeza namba fulani kwenye kihesabu. Kihesabu hicho huzunguka kama mshale wa saa: kikifika mwisho kinarudi mwanzo. Mahali ulipo mshale huamua ni thamani gani isomwe kutoka kwenye jedwali la wimbi lililohifadhiwa, na thamani hiyo hugeuzwa kuwa volti. Ukitaka masafa makubwa, unaongeza namba kubwa kwa kila pigo, na ukitaka madogo, unaongeza ndogo. Chipu ya AD9850, ambayo wapenzi wa elektroniki wameitumia kwa miaka mingi, ina kihesabu cha biti 32 (tarakimu 32 za sifuri na moja) kinachoendeshwa kwa MHz 125 (megahezi, yaani mizunguko milioni kwa sekunde), kwa hiyo inaweza kubadilisha masafa kwa hatua za hezi 0.0291 tu. AD9833, iliyo rahisi zaidi, hufanya kazi kwa MHz 25 na biti 28, na hatua zake ni karibu hezi 0.1.

Hapa ndipo mnunuzi anapopotea. Kazi ya hesabu imekuwa rahisi mno. Karibu kila kifaa, hata cha bei ya chini kabisa, kitakupa hatua ndogo za masafa, maumbo kadhaa ya mawimbi na kioo cha rangi. Namba hizo ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku, na ndizo zinazotofautisha vifaa kwa kiasi kidogo kabisa. Gharama ya kweli iko baada ya hesabu: amplifaya ya mwisho inayosukuma wimbi nje, saketi ya kulipunguza wimbi bila kuliharibu, na sehemu inayochukua umeme wa ukutani. Mtengenezaji akitaka kushusha bei, hukata huko, kwa sababu huko hakuonekani kwenye tangazo. Kwa hiyo kuitathmini jenereta ya bei nafuu ni kuikagua pale ambapo karatasi ya vipimo imenyamaza.

Tuanze na megahezi. Kifaa kikiandikwa MHz 60, hiyo kwa kawaida ni kwa wimbi la sini peke yake. Wimbi la mraba huishia chini zaidi, na wimbi la pembetatu chini zaidi ya hapo. Tena ukubwa wa wimbi hupungua kadiri masafa yanavyopanda: volti 20 kutoka kilele hadi bonde zinaweza kupatikana kwenye megahezi chache za kwanza tu, kisha zikawa 10, kisha 5. Huo si udanganyifu ikiwa umeandikwa, basi soma jedwali dogo la chini. Unapopima mwenyewe, kumbuka mipaka ya oskiloskopu yako. Oskiloskopu ya MHz 50 ikipewa wimbi la MHz 50 huonyesha karibu asilimia 70 tu ya ukubwa wake halisi. Ukisahau hilo utailaumu jenereta kwa kosa la chombo cha kupimia.

Wimbi la mraba linaonyesha ubora wa kifaa haraka kuliko sini. Mraba wa MHz 10 umejengwa kwa sini ya MHz 10 pamoja na ya 30, ya 50, ya 70 na kuendelea. Amplifaya ya mwisho isipozipitisha hizo za juu, pembe zinaviringika na unachokiona kinakaribia sini. Pima muda ambao wimbi linapanda kutoka asilimia 10 hadi 90 ya kimo chake, kisha gawa 0.35 kwa muda huo. Ukipata nanosekunde 15, njia nzima ya kutolea ina upana wa takribani MHz 23, hata kama sanduku linasema 60. Oskiloskopu yako nayo imo ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo iwe na upana unaozidi kwa mbali ule unaoupima.

Kuna kasoro nyingine ya mraba ambayo wengi hawaioni kwa sababu wanapima kwa masafa yanayoificha. Chukua kifaa kinachotoa sampuli milioni 250 kwa sekunde, yaani sampuli moja kila nanosekunde 4. Kwa MHz 10, mzunguko mmoja una sampuli 25 kamili, hivyo kila mzunguko unafanana na mwenzake na picha inatulia. Sasa weka MHz 7.3. Mzunguko mmoja unahitaji sampuli 34.25, na kwa kuwa hakuna robo ya sampuli, kifaa kisichokuwa na njia nyingine ya kuunda kingo za mraba kitatoa 34 mara tatu, kisha 35. Ukingo wa wimbi unatikisika kwa nanosekunde 4 huku na kule. Kwa kujaribu spika au taa hiyo haina madhara yoyote. Kwa kuendesha saa ya saketi ya kidijitali, inaweza kukutafutisha kosa ambalo halimo kwenye saketi yako. Ndiyo maana kifaa kipya kipimwe kwa masafa ya ovyo ovyo kama 7.3 au 3.19, na picha ya oskiloskopu iachwe ijilimbikize kwa muda ili mtikisiko uonekane.

Biti nazo zina mtego wake. Kigeuzi, sehemu inayogeuza namba kuwa volti, kikiwa cha biti 12 kina ngazi 4,096, na cha biti 14 kina 16,384. Zinaonekana nyingi. Lakini kama kifaa kinatoa hadi volti 20 na kinapunguza wimbi kwa kupunguza namba tu, kila ngazi ya biti 12 ina karibu milivolti 4.9. Omba wimbi la milivolti 20 na utapata ngazi nne: si sini tena. Jenereta iliyotengenezwa vizuri ina saketi ya rezista inayopunguza wimbi lote likiwa tayari limeshaundwa kwa ngazi zake zote, na mara nyingi utasikia rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ikilia “tik” unapovuka kiwango fulani. Jaribio lake ni rahisi: shusha ukubwa mpaka milivolti 20 kwa kilohezi 1 na utazame. Kama wimbi limejaa vijingazi na kelele, tatizo linaweza kupunguzwa kwa kufunga kipunguzaji cha nje cha desibeli 20, kinachogawa volti kwa kumi, na kuiacha jenereta ifanye kazi kwa milivolti 200.

Mlango wa kutolea kwenye vifaa vingi umeandikwa omu 50. Maana yake ni kwamba ndani kuna ukinzani huo katikati ya amplifaya na tundu la BNC, lile tundu la duara la kuchomekea kebo. Ukiunganisha mzigo (kitu kinachopokea wimbi) wa omu 50, volti hugawanyika nusu kwa nusu, na ukiunganisha oskiloskopu ya megaomu 1, unapata karibu zote. Hapa pana chanzo cha malalamiko mengi yasiyo na msingi, kwa kuwa baadhi ya jenereta huonyesha kwenye kioo volti za mlango usio na mzigo, na nyingine huonyesha zile zitakazopatikana kwenye omu 50. Tofauti ni mara mbili kamili. Kuhakiki, weka sini ya kilohezi 1 na usome volti bila mzigo, kisha funga rezista mbili za omu 100 sambamba kwenye mlango na usome tena. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili, toa moja, zidisha kwa 50. Ukisoma 2.0 kisha 1.1, ukinzani wa ndani ni takribani omu 41. Rudia kwa MHz 5. Namba ikihama sana, jua kwamba ukubwa unaoonyeshwa kwenye kioo hautaaminika ukiunganisha kebo ndefu.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni umeme wa ukutani. Baadhi ya jenereta za bei nafuu huja na plagi ya miguu miwili, bila waya wa ardhi. Ndani kuna pawa saplai yenye kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa mlango wa kutolea, ili kupunguza kelele za redio. Kapasita hiyo hupitisha umeme kidogo. Usipokuwepo waya wa ardhi wa kuuondoa, ganda la tundu la BNC linaelea kwenye volti nyingi, mara nyingi karibu nusu ya zile za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, kwa kawaida chini ya nusu miliampia, na mtu huhisi mwasho tu au asihisi kitu. Transista ya MOSFET haina uvumilivu huo. Ukishikiza kibano cha ishara kwenye geti yake, mguu unaoiwasha na kuizima, kabla ya kibano cha ardhi, volti hizo hutafuta njia kupitia geti, na transista inakufa kimya kimya.

Wengi hawaligundui kwa sababu oskiloskopu yao ina waya wa ardhi: mara tu kibano cha probu kinapogusa ganda, volti zinaondoka na kila kitu kinaonekana salama. Ipime jenereta ikiwa peke yake, haijaungwa na chombo kingine. Weka multimita kwenye volti za AC, probu moja kwenye ganda la BNC, nyingine kwenye ardhi ya kuaminika. Ukisoma makumi ya volti, au mia na kitu mahali ambapo ukuta ni volti 230, usikitumie kifaa hivyo. Njia ya salama ni kuunganisha ganda na ardhi kwa waya wa kudumu kabla ya kuwasha. Kufungua kasha na kubadilisha saplai ni kazi ya anayeujua umeme wa ukutani kwa vitendo, kwa sababu kapasita kubwa ya ndani hubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa.

Usafi wa sini hauonekani kwenye megahezi zilizoandikwa kwenye sanduku. Hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yasiyotakiwa yenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya wimbi lako, zikiwa desibeli 40 chini ya wimbi lenyewe, uchafu ni asilimia 1, na zikiwa 60 chini, ni asilimia 0.1. Jenereta yenye asilimia 1 haiwezi kukuambia lolote kuhusu amplifaya ya muziki inayodai asilimia 0.01, maana utakuwa unapima uchafu wa jenereta. Kwa kazi ya sauti pekee, kadi ya sauti ya kompyuta mara nyingi hutoa sini safi kuliko jenereta ya bei nafuu, na huenda unayo tayari. Mipaka yake ni kwamba mara nyingi inaishia karibu na kilohezi 20, na kwa kawaida kapasita za kwenye mlango wake hazipitishi volti za DC, hivyo huwezi kulipandisha wimbi lote juu ya sifuri.

Usahihi wa masafa huwasumbua watu kuliko inavyostahili. Kristali ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hukosea hezi 200 kwenye MHz 10. Kwa kichujio cha spika hilo si kitu, na kwa kurekebisha redio ya mawimbi mafupi ni jambo la kuzingatia.

Amplifaya ya mwisho hufa kirahisi ikirudishiwa umeme kutoka kwenye saketi, kwa mfano ukigusa reli ya volti 12 kwa kibano cha jenereta. Kwa saketi yenye pawa yake, pitisha wimbi kwenye kapasita, na kwa masafa ya sauti mikrofaradi 10 zinatosha. Ongeza rezista ya omu 470 mfululizo pale ambapo mzigo hauhitaji mkondo mkubwa. Ukifanya hivyo, soma ukubwa wa wimbi upande wa saketi kwa oskiloskopu, kwa sababu namba ya kwenye kioo cha jenereta haijui kuhusu rezista uliyoiongeza.