Bomba la juu ya kichwa: wazee wa sprinti na zile gari zisizo na kizimba

Ijumaa jioni ukinikosa karakana basi ujue niko Williams Grove, uwanja wa mbio za magari hapa Mechanicsburg, Pennsylvania, nimekaa na wazee wangu kwenye jukwaa, vumbi linatuingia hadi kwenye viazi. Kazi yangu mi ni kuchomelea fremu za gari za sprinti. Kwa hiyo gari likibiringika, wenzangu wote wanasimama kumtazama dereva, mi natazama kwanza kama dereva anapunga mkono, afu macho yanakimbilia kwenye maungio ya bomba, yameshika au hayajashika. Ugonjwa wa kazi huo.

Wale wazee wana stori moja wanaipenda kuliko zote: enzi za hatari, miaka ya hamsini na sitini, gari hazina bawa la juu wala kizimba cha bomba cha kumkinga dereva, kifua chake nje kama kakaa kwenye pipa. "Wale ndo walikuwa wanaume." Nimeisikia hii kauli nadhani mara mia mbili na nilikuwa nakereka nayo sana, maana mi ndo nayechomelea hicho kizimba wanachokisema. Siku hizi sikereki tena, nitaeleza kwa nini, ila ngoja kwanza nikueleze lile gari lenyewe.

Nyumbani tukisema mbio za magari mtu anawaza Safari Rally, gari ya dukani imeimarishwa inapita porini. Sprinti ni mnyama mwingine kabisa. Magurudumu nje, uwanja ni duara la udongo la nusu maili hivi, mnazunguka kushoto tu. Injini ya leo ni ya inchi za ujazo 410, karibu lita 6.7, inatoa nguvu farasi kama 900, na gari zima na dereva ndani ni kama kilo 635, yani halifikii hata Vitz. Klachi hakuna. Gia za kubadilisha hakuna. Starta hakuna, linasukumwa kwa pikapu hadi liwake. Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto makusudi, ili gari lenyewe litake kukata kona, ndo maana ukiliona linatembea kiubavu usidhani dereva kapoteza, huo ndo mwendo wake. Mafuta ni methanoli, na methanoli ikiwaka mchana moto wake karibu hauonekani, unamwona mtu anarukaruka anajipigapiga na huoni anachokipiga.

Sasa lichukue gari la aina hiyo la mwaka 1955, farasi wachache ndiyo lakini mpango uleule, mtu kakaa wima, shafti inapita katikati ya miguu yake, tenki la mafuta liko mgongoni kwake, na kitu kirefu kuliko vyote kwenye gari ni kichwa chake. Hapo ndo pa kuelewa. Gari likipinduka linatua na kile kilicho juu kabisa, na aliye juu kabisa ni yeye.

Na kupinduka hakukuwa ajali ya nadra, kumo ndani ya umbo lenyewe. Tairi linalokwenda mbele, upande wake wa nyuma unapanda juu, na upande wake wa mbele unashuka chini, si ndiyo? Sasa gari la nyuma likigusisha tairi lake la mbele kwenye tairi la nyuma la mwenzake, zile pande mbili zinakutana moja inapanda nyingine inashuka, linashikwa na kurushwa hewani kama mtu kalipandisha ngazi. Haihitaji kosa kubwa, kugusana tu kidogo. Na piga hesabu, gari linalokwenda kilomita 160 kwa saa lina nguvu ya mwendo sawa na ungeliangusha kutoka mita 100 kwenda juu. Hiyo nguvu lazima iishie mahali. Leo inaishia kwenye bawa linalokunjamana, kwenye magurudumu yanayong'oka, kwenye bomba zinazopinda. Zamani sehemu kubwa iliishia kwenye fensi na kwenye mwili wa mtu.

Wazee wakianza wanaanza na Langhorne, lazima. Uwanja ulikuwa hapa hapa Pennsylvania, ulifunguliwa 1926, maili moja ya udongo, na ulikuwa duara kwelikweli, hauna sehemu iliyonyooka hata kidogo. Viwanja vingine dereva anapata sekunde mbili tatu za kunyoosha mikono, Langhorne hupati, usukani umeukata upande wa kulia mzunguko mzima huku gari linateleza kwenda kushoto, mzunguko baada ya mzunguko. Ule udongo walikuwa wanaumwagia oili chafu kuzuia vumbi, halafu unachimbika mashimo, na ukishapita mstari wa kuanzia kuna mteremko wenye makorongo ambao madereva waliupa jina la Bonde la Kutapika. Jina la madereva wenyewe hilo, si langu. Mwaka 1955 peke yake Larry Crockett alifia pale mwezi Machi, Mei akafuata Mike Nazaruk. Jimmy Bryan, bingwa wa 1958 wa zile mbio kubwa za Indianapolis 500, alirudi Langhorne mwaka 1960 kwenye gari kubwa zaidi la ukoo huohuo na hakumaliza mzunguko wa kwanza. Waliweka lami 1965, wakafunga 1971, na siku hizi pale ni maduka.

Upande wa Indiana kuna viwanja vya Winchester na Salem, nusu maili lakini kona zimeinuka kama ukuta wa bakuli, ukikosea unapaa nje kabisa. Bob Sweikert alishinda Indianapolis 500 ya 1955, Juni 1956 akafia Salem kwenye sprinti. Tuelewane hapa, hawa si madereva wa mitaani waliokuja kujaribu bahati, hawa ndo walikuwa bora Marekani nzima. Ustadi haukuwa kinga.

Mwaka ambao wazee huwa wanapunguza sauti ni 1966. Tarehe 11 Juni, Reading, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa nilipo, Jud Larson na Red Riegel walikufa kwenye ajali moja. Tarehe 12 Novemba, Ascot Park kule California, Don Branson na Dick Atkins wakafa kwenye ajali moja vilevile. Wanne, ajali mbili, msimu mmoja. Mzee mmoja tunayekaa naye alikuwa kijana wakati huo, anasema akirudi nyumbani Jumapili mama yake hakuwa anauliza nani kashinda, alikuwa anauliza nani kaumia.

Basi swali ambalo mtu wa kazi yangu lazima ajiulize: kwa nini hawakuweka kizimba? Bomba zilikuwepo. Kuchomelea kulikuwepo. Ndege zilikuwa zinatengenezwa kwa chuma hichohicho cha kromoli nnachotumia leo. Ni mita chache tu za bomba juu ya kichwa, kazi ya siku mbili tatu!

Mwanzo nilidhani ni ubishi wa kiume tu. Kumbe hapana, au si huo peke yake. Kabla ya vita kuu ya pili madereva wengi hawakutaka hata mkanda, na sababu yao ukiisikia ina akili: gari halina kitu juu, tenki liko mgongoni, likipinduka ukiwa umefungwa unapondwa au unaungua, bora urushwe ujaribu bahati yako kwenye udongo. Kwa gari lile hesabu ilikuwa sawa. Mkanda bila kizimba ni kumfunga mtu kwenye nyundo. Baada ya vita mikanda ya ndege za jeshi ilijaa madukani kwa bei ya kutupa, wakaanza kujifunga. Mwaka 1959 USAC, chama kilichosimamia mbio kubwa, kikalazimisha upinde mmoja wa bomba nyuma ya kichwa, na mara nyingi ule upinde hata haukufika juu ya helmeti, na hata ungefika, upinde mmoja unasaidia gari likitua vizuri chali, likija na pua unalala chini kama nyasi. Bomba moja halina nguvu, nguvu iko kwenye pembetatu, kila bomba linashikwa na mwenzake. Hilo fundi yeyote wa mageti pale Tanga anaweza kukwambia.

Kizimba kamili kilitoka kwa watu wa chini, si kwa wakubwa. Kule Iowa na majimbo ya jirani kulikuwa na gari zilizozaliwa kutoka kwenye magari chakavu ya barabarani yaliyokatwakatwa, hizo zilishazoea kuwa na kitu juu ya dereva. Knoxville, huko huko Iowa, wanafanya mashindano yao makubwa tangu 1961, na huko kizimba hakikuwa aibu. Wale wa USAC ndo walikuwa wanaona kinaharibu sura ya gari, na kwamba mwanaume hajifichi. Vya mwanzo vilikuwa vya kufunga kwa bolti juu ya gari la zamani, ukitaka unakitoa. Mwaka 1969 pale Des Moines, Aldo Andretti, pacha wa yule dereva maarufu Mario, aligonga fensi na gari la sprinti na mifupa ya uso ikavunjika vibaya, hakuendesha tena, na sura ya mapacha haikufanana tena maisha yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ubishi ukaisha, vizimba vikawa kila mahali.

Sidai leo ni salama jamani. Rich Vogler alifia Salem 1990 ndani ya kizimba akiwa anaongoza, mbio zikasimamishwa, matokeo yakarudishwa mzunguko mmoja nyuma, akapewa ushindi akiwa marehemu. Greg Hodnett, mtu wa huku huku kwetu, tulimpoteza 2018. Kizimba kinazuia kupondwa, hakizuii shingo kutikisika, kwa hilo vilikuja viti vya kukumbatia kichwa na kile kifaa cha HANS cha mabegani. Kila kifaa kina makaburi yake.

Sasa narudi kwa wazee. Kilichonitoa kukereka ni kuwasikiliza vizuri. Ukimwuliza mzee akusimulie Tommy Hinnershitz, mkulima wa Oley aliyekuwa anavua ovaroli la shamba na kwenda kushinda mbio, hakusimulii ajali. Anakusimulia viwiko. Anainua mikono yake mwenyewe iliyokunjamana anakuonyesha kiwiko cha kulia kilivyokuwa kinatoka nje ya gari, mabega yalivyokuwa yanafanya kazi, jinsi alivyokuwa anaegemea, uso una udongo mpaka kwenye meno. Hinnershitz aliacha 1960, akaishi hadi 1999, alifika miaka 87, na wazee wanampenda kuliko wote waliokufa vijana. Hapo nikaelewa kwamba wanachokililia si kifo, ni kule kuona. Ulikuwa unamwona mtu akifanya kazi. Leo kuna bawa juu, paneli pembeni, kiti kimemkumbatia, helmeti imefunika uso wote, unaona namba na rangi tu inapita. Mi na mafundi wenzangu tumemwokoa dereva kwa kumficha, na mtazamaji ndo aliyelipa.

Kuna makumbusho ya mbio huku karibu na York Springs, ina kauwanja kake ka zamani, na siku zingine wanatoa zile gari za miaka ya hamsini zinazunguka taratibu. Msimu uliopita nilikwenda na wazee watatu. Wakalisukuma moja likawaka, harufu ya ile methanoli, dereva naye mzee, kifua nje, akakata kona na nyuma ikateleza kidogo tu. Wazee wangu wote wakawa wima wananivuta shati, "kiwiko, angalia kiwiko!" Nikaangalia kweli, kilikuwa kizuri. Ila jicho halikukaa pale, lilipanda lenyewe kwenye ule uwazi juu ya helmeti yake, nikawa napima pa kupitisha bomba la kwanza.