Wakfu wa chuo kikuu si akiba ya benki

Tangu Aprili 2025, serikali ya Marekani ilipozuia ruzuku za Harvard zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2, swali ni lilelile kila unapoanza mjadala: chuo chenye bilioni 53 benki kinalilia nini? Kuuliza si vibaya. Kasoro iko kwenye hilo neno "benki".

Wakfu wa chuo ni mali iliyotolewa na wafadhili ili iwekezwe, mtaji usimalizwe, na sehemu ya faida itumike mwaka hadi mwaka. Aliyekulia Lamu au Unguja anaijua habari hii. Nyumba ikiwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, kodi yake hununua mikeka ya msikiti huo. Haijengi shule ya jirani, hata kama shule ina shida kubwa zaidi. Sharti la aliyetoa ndilo linalotawala, hata akiwa kaburini.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Zile bilioni 53 za Harvard, kwa hesabu ya 2024, si fungu moja. Ni mafungu zaidi ya 14,000, na karibu asilimia 80 ya mali hiyo imefungwa kwa masharti: hili la kiti cha profesa fulani, yaani kugharimia nafasi yake chuoni, lile la kusomesha wanafunzi wasio na uwezo, jingine la maktaba. Fedha za kiti cha profesa wa historia hazilipi maabara ya saratani. Kubadili sharti kwa kawaida kunahitaji ridhaa ya mfadhili au ruhusa ya mahakama. Kinachotumika kwa mwaka ni takriban asilimia 5. Mwaka 2024 zilikuwa dola bilioni 2.4, zaidi ya theluthi ya mapato yote ya chuo.

Tena nyingi si fedha taslimu. Zimo kwenye kampuni binafsi na miradi ambayo huwezi kuiuza kesho asubuhi. Katika msukosuko wa 2008 wakfu wa Harvard uliporomoka kwa zaidi ya robo, na Desemba mwaka huo chuo kikakopa dola bilioni 2.5 kwa kuuza hati fungani. Kingekuwa na akiba benki, kingeichota.

Vyuo vingi vya Marekani havina hata wakfu wa kutajika. Vinaishi kwa ada za wanafunzi, na wanafunzi wakipungua vinafunga milango. Vile vichache tajiri vinatozwa kodi ya faida ya wakfu, asilimia 1.4 tangu sheria ya 2017, na sheria ya 2025 imeipandisha hadi asilimia 8 kwa vilivyo tajiri kuliko vyote. Huo ni mjadala halali kabisa.

Kwa hiyo ukitaka kuwabana wakuu wa Harvard, wabane kwa ile asilimia 20 isiyo na masharti, na kwa kiwango wanachoridhia kutoa kila mwaka. Huko uamuzi ni wao, na huko wana wajibu wa kujibu.