Kiashiria cha protini: maana yake kwa jicho linaloshambuliwa na kinga ya mwili

Macho mawili mekundu yenye maumivu na ukungu yanaweza kufanana kabisa, kumbe moja limeingiliwa na vijidudu na jingine linashambuliwa na kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kuyachanganya ni hatari. Steroidi hutuliza kinga iliyopotoka, lakini zikitumika peke yake kwenye maambukizi huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Hapo ndipo kiashiria cha protini kinapotafutwa: protini inayopimika, ambayo kuwepo kwake au kiwango chake humwambia daktari ni ugonjwa gani alio nao mgonjwa.

Protini hizo husakwa kwenye damu, kwenye machozi, au kwenye maji ya chumba cha mbele cha jicho, yanayovutwa kwa sindano nyembamba, takriban mililita 0.1 tu. Machozi ndiyo mepesi kupata. Ukanda wa karatasi wenye urefu wa milimita 35 huchomekwa kwenye ukingo wa kope la chini, mgonjwa hufumba macho kwa dakika 5, na unyevu huonekana ukiteremka taratibu kwenye karatasi. Ukanda huohuo unaopima ukavu wa jicho unaweza kupelekwa maabara, protini zikatolewa humo, zikakatwakatwa vipande na kutambuliwa kwa mashine inayopima uzito wa kila kipande.

Kazi ngumu huanzia hapo. Kwenye damu, albumini, protini ya kawaida ya damu, ni nyingi kuliko baadhi ya protini za uvimbe kwa mara bilioni kadhaa, kwa hiyo unachokitafuta kimefunikwa na usichokihitaji. Tena jicho lolote lililovimba hutoa protini za uvimbe, liwe na vijidudu au lisiwe navyo. Protini iliyopanda inathibitisha kwamba jicho linaumwa, jambo ambalo mgonjwa alishalisema mlangoni.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2004. Kuna ugonjwa unaoshambulia neva ya jicho na uti wa mgongo, uitwao nyuromielitisi optika, ambao wengi waliuhesabu kuwa aina ya multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Mwaka huo watafiti wa Marekani na Japani walitangaza antibodi (nayo ni protini, silaha ya kinga) iliyopatikana kwa wengi wa wagonjwa hao, na mwaka 2005 ikajulikana kwamba inalenga akwaporini-4, mlango wa maji kwenye seli. Wagonjwa wakatenganishwa kwa kipimo cha damu. Na ilikuwa lazima watenganishwe, kwa sababu interferoni beta, dawa ya multipo sklerosisi, inaweza kuzidisha nyuromielitisi optika.

Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haijapata bahati hiyo. Antibodi dhidi ya protini zake, kama enolesi ya alfa, huonekana kwa wanaopoteza uoni kwa sababu ya kinga, lakini huonekana pia kwa watu wenye macho mazima. Ndiyo maana utafiti unaolinganisha wagonjwa na watu wenye afya pekee haunitoshi. Waingizwe pia wenye jicho jekundu la maambukizi, kwa kuwa hao ndio daktari anaoshindwa kuwatofautisha. Kwa sasa, jibu la antibodi za retina likitoka maabara, daktari bado hulisoma pamoja na picha za retina na kipimo cha umeme wake.