Sosiopathi si jina jingine la kocha mkali

Kocha amepiga teke chupa ya maji. Amemfokea mchezaji aliyepoteza mpira, kisha akamtoa dakika ya 30 bila hata kumtazama usoni. Kabla mchezaji hajalifikia benchi, mtu wa pembeni ameshatoa hukumu: "Huyu kocha ni sosiopathi."

Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno, kwa makocha wa soka, wa riadha, wa kuogelea, na wanaolitumia si watu wa kubwabwaja. Ni watu makini wanaowahurumia wachezaji. Ndiyo maana naona halina budi kusemewa.

Maana yenyewe ni fupi. Sosiopathi ni mtu ambaye tangu ujana wake, na katika maisha yake yote, hukanyaga haki za wengine, hudanganya na kuwatumia watu, wala hasutwi na dhamiri anapowaumiza. Tangu ujana, kila mahali, bila majuto: vitu hivyo vitatu huenda pamoja. Ukiondoa kimoja, unazungumzia jambo jingine.

Neno ni chotara. Nusu ya kwanza ni Kilatini, socius, yaani mwenzi. Nusu ya pili ni Kigiriki, pathos, yaani mateso au maradhi. Ndugu yake, saikopathi, ni Kigiriki kitupu, kutokana na psyche, pumzi au nafsi. Saikopathi ndiye mkubwa kwa umri. Madaktari wa Ujerumani, J. L. A. Koch akiwa mbele yao, walianza kulisambaza mwishoni mwa karne ya 19, na wakati huo halikuwa na harufu ya damu hata kidogo. Lilimaanisha tu nafsi yenye kasoro, na kasoro za kila namna zilitiwa humo: huzuni isiyoisha, woga, ukorofi, tabia za ajabuajabu. Kapu likajaa hadi likakosa maana. Mwaka 1930 mwanasaikolojia wa Marekani, George Partridge, akapigania neno sosiopathi, kwa sababu alitaka jina litakaloonyesha kasoro iko wapi: katika namna mtu anavyoishi na wenzake. Hapo ndipo socius anapofaa.

Mwaka 1952 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la kwanza la mwongozo wake, DSM, na usosiopathi ukapewa nafasi rasmi. Lakini hata humo ulivutwa huku na huko. Ulevi wa pombe uliwekwa chini ya kichwa hichohicho. Toleo la pili, la mwaka 1968, likaliacha neno. Tangu hapo kinachoandikwa kwenye faili la mgonjwa ni hitilafu ya haiba inayopingana na jamii. Kwa hiyo kocha anayeitwa sosiopathi leo anabandikwa jina ambalo mwongozo huo uliliacha zaidi ya nusu karne iliyopita. Hilo peke yake halinisumbui, maneno huishi mitaani hata baada ya kufukuzwa hospitalini. Na ule msemo kwamba saikopathi huzaliwa ila sosiopathi hutengenezwa na malezi ni mgawanyo wa baadhi ya waandishi, mwongozo hauutambui.

Kinachonisumbua ni hiki. "Kupingana na jamii" husikika masikioni mwetu kama kutopenda watu. Basi kocha mkimya, asiyecheka na waandishi wa habari, anayekula peke yake, tunasema si mtu wa watu, na kutoka hapo hadi sosiopathi ni hatua moja. Ni kinyume kabisa. Mtu mwenye sifa hizi mara nyingi ni mtu wa watu hasa. Anakumbuka jina la mama yako. Anajua ulichoogopa msimu uliopita. Miongoni mwa vipengele 20 vya orodha ya kupimia usaikopathi ya Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, cha kwanza kabisa ni ulimi mtamu na mvuto wa juujuu.

Nitaje orodha hiyo vizuri, maana wengi huichukulia kama mtihani wa gazetini. Kila kipengele hupewa 0, 1 au 2, jumla ya juu ikiwa 40, na Amerika Kaskazini alama 30 ndiyo imezoeleka kuwa mpaka. Anayeipima ni mtaalamu aliyefunzwa, akiwa na mahojiano marefu na kumbukumbu za maisha ya mhusika. DSM nayo ina masharti yake: mhusika awe ametimiza miaka 18, na pawe na ushahidi wa ukorofi mzito wa mwenendo kabla ya miaka 15. Sharti hilo la pili ndilo ninaloliuliza kila mara. Huyu kocha aliyeanza kutukana wachezaji akiwa na miaka 45, baada ya kupewa timu inayoporomoka, alikuwaje akiwa na miaka 13? Kama alikuwa mtoto wa kawaida, tunalo tatizo la kweli, tena zito, ila si hili.

Tena tazama vipengele vingine vya mwongozo: kufanya mambo kwa pupa, kushindwa kupanga ya mbele, kutowajibika kazini mwaka baada ya mwaka. Kazi ya ukocha wa kulipwa humtapika mtu wa namna hiyo. Anayeamka alfajiri kupitia picha za mechi, anayepanga mazoezi ya miezi sita na kuyafuata, hafanani sana na mgonjwa anayeelezwa kitabuni. Hapa ndipo inapobidi kutenganisha hitilafu na sifa. Sifa hupatikana kwa viwango, kama urefu. Mtu anaweza kuwa na ubaridi wa moyo na werevu wa kuchezea watu bila kuwa na ile pupa, na hapo akafika mbali. Mwaka 2002 Delroy Paulhus na Kevin Williams, watafiti waliokuwa Kanada, waliuita mchanganyiko wa majivuno, hila na usaikopathi wa kiwango cha chini "utatu wa giza", na walikuwa wanazungumzia watu wazima wanaoendelea na maisha yao, si wafungwa. Ukisema kocha fulani ana sifa za namna hiyo, una neno la kusikilizwa. Ukisema ni sosiopathi, umetoa cheti cha daktari.

Lugha yetu imeshatupa zana bora zaidi. Tuna ukali na tuna ukatili, na kwa sababu maneno haya yanasikika kama mtu na nduguye, tunayachanganya. Hayana undugu. Kali ni la Kibantu, ni lile la kisu kikali na jua kali. Ni neno la makali. Katili tumelipata kwa Waarabu, kutoka mzizi wa kuua. Mwalimu mkali tunamjua sote, na wengi wetu tunamshukuru. Mwalimu katili ni mwingine. Halafu tuna dhamiri, nayo ya Kiarabu, kutoka mzizi wa kuficha jambo moyoni. Hilo ndilo linalonifanya nisite zaidi. Kinachomtofautisha sosiopathi na watu wengine kipo mahali ambapo kamera haifiki.

Ukali unaonekana kwa macho. Mwaka 1985 Bobby Knight, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Indiana, alirusha kiti uwanjani wakati wa mechi dhidi ya Purdue, na picha ile imezunguka dunia. Mwaka 2000 chuo kilimfukuza. Alifanya yaliyoonekana, akaadhibiwa kwa hayo. Barry Bennell, aliyefundisha vijana wa soka Uingereza, hakuwa wa kurusha viti. Watoto walimkimbilia, wazazi wakamwamini hadi kuwaacha walale nyumbani kwake. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 31 kwa kuwanajisi. Simpimi yeyote kati yao hapa. Nawaweka pamoja kwa sababu anayetafuta hatari kwa kusikiliza kelele angemwona wa kwanza tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni hakipigi kelele.

Madaktari wenyewe walishaungua kwa jambo hili. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza maelfu ya madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater alifaa kiakili, na wengi wakajibu bila kuwahi kukutana naye. Alilishtaki jarida, akashinda. Mwaka 1973 chama chao kikaweka kanuni kwamba daktari asitoe maoni ya kitaalamu juu ya mtu maarufu ambaye hajampima. Kama aliyesomea kazi hiyo anakatazwa, sisi wa jukwaani tunaongea kwa leseni gani?

Na kuna hasara anayoibeba mchezaji. Tukishasema kocha ni mgonjwa, klabu inapumua. Tatizo limekuwa kichwani mwa mtu mmoja, halimo tena katika mkataba unaomlipa kwa ushindi tu, wala kwa viongozi waliosikia malalamiko misimu mitatu wakanyamaza. Kamati ya nidhamu nayo haiwezi kumjadili mtu kwa jina la ugonjwa. Itauliza alifanya nini.

Nilimuuliza swali hilohilo yule bwana wa pembeni yangu. Alikuwa anamfahamu binti aliyepita mikononi mwa kocha yule. "Alimpima uzito mbele ya wenzake na kumcheka," akaniambia. "Na goti lilipovimba alimlazimisha kukimbia." Mwaka 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu unyanyasaji michezoni, na yote mawili yana mahali pake humo: udhalilishaji wa kisaikolojia, na unyanyasaji wa kimwili. Nikamwomba aliache lile neno la Kilatini na Kigiriki, amsaidie binti kuandika hayo mawili jinsi alivyoyasema, na tarehe zake, na nani alikuwepo.